Aliyefunga Kizibo Apande Kwanza

Vijana mnaobaki gereji mliniomba niandike mambo ya kazi, kwa sababu mnadai nikisimulia kwa mdomo naongeza chumvi. Kwenye karatasi pia nitaongeza. Tofauti ni kwamba sasa mtaweza kupigia mstari mahali penyewe.

Naanza na swali ambalo kila dereva wa lori aliyewahi kusimama Uyole ameniuliza: gereji ya boti inafanya nini huku milimani, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale yanayotuama kwenye mtaro wa sokoni wakati wa masika? Jibu alikuwa nalo Mzee Ambokile aliyeianzisha. Yeye aligundua jambo ambalo watu wa pwani na watu wa ziwani walikuwa wamelipita: boti za starehe haziharibikii majini, zinaharibikia barabarani. Boti ikitoka pwani kwenda Ziwa Nyasa inavutwa kwenye trela, inapanda mlima Kitonga, inarushwa na matuta ya kila kijiji, na ikifika Uyole, pale njia inapokata kushuka Tukuyu na Kyela, nati zake zote zimelegea na mwenye nayo amechoka kiasi cha kukubali ushauri wa mtu yeyote. Mzee Ambokile alikuwa anasimama hapo hapo kwenye kona, spana mkononi.

Mimi ni mtu wa Ilula. Shule niliiacha darasa la tano, baada ya kufungua giya ya nyuma ya baiskeli ya mwalimu mkuu ili nione kinacholia tik-tik inaposhuka mteremko. Nilikiona. Ni vijichuma viwili na springi nyembamba kama unywele. Springi moja bado ipo Ilula, mahali fulani kwenye nyasi. Baada ya hapo nilipiga tofali Iyunga, nikabeba mbao Mafinga, nikachoka, nikarudi kumsaidia kaka yangu Sefania kuuza nyanya kando ya barabara. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilishachoka na nyanya pia.

Siku hiyo pikapu ikasimama, nyuma yake inavuta kitu cheupe chenye pua. Akashuka mzee mfupi mwenye kofia ya sufu akaanza kubonyeza nyanya zetu.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Boti."

"Inakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Sasa hiyo feni ya nyuma inapoza nini?"

Mzee Ambokile alicheka mpaka akaacha kubonyeza nyanya. Akanieleza propela. Nikamuuliza kwa nini ina mabawa matatu na siyo mawili. Akanieleza. Nikamuuliza kwa nini yamepinda. Sefania akaona biashara inakufa, akasema, "Mzee, huyu ukimjibu moja anazaa kumi. Mchukue na tenga lake, nipumzike."

Alikuwa anatania. Mimi sikuwa natania. Nilipanda kwenye boti na tenga la nyanya, nikakaa kwenye kiti cha nahodha. Safari yangu ya kwanza ya boti ilikuwa ya lami, kutoka Ilula hadi Uyole, nikipungia watu mkono. Mafinga walinipungia nao. Makambako baridi ilinilaza sakafuni katikati ya nyanya. Tulipofika Uyole madereva wa malori walinipa jina la Kapteni, na mpaka leo wengi wenu hamjui jina langu la ubatizo. Lisiwasumbue.

Siku yangu ya kwanza kazini Mzee Ambokile alinionyesha bahari yetu. Ilikuwa pipa lililokatwa juu. Injini ya boti inanyonya maji ya kujipozea kutoka chini, ukiiwasha pakavu inaungua, kwa hiyo tuliitumbukiza miguu kwenye pipa la maji na kuiwasha humo. Ilikuwa inanguruma, inatoa moshi, inarusha maji mpaka kwenye viazi vya jirani. Mama mmoja wa sokoni alisimama akaangalia kwa muda mrefu.

"Mnachemsha nini?"

"Ziwa," Mzee akamjibu.

Akatikisa kichwa, akaenda zake kuwaambia wenzake. Wiki ile tulitazamwa sana.

Funzo la pili lilikuwa baridi. Boti nyingi ni za faiba, na ufa wa faiba unazibwa kwa mkeka wa nyuzi na gundi inayochanganywa na dawa ya kukaushia. Maelekezo ya kwenye kopo yameandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika Uyole mwezi wa saba. Gundi ilikaa siku mbili ikiwa uji. Nikaona nitumie akili: nikazidisha dawa mara tatu. Jua likachomoza, kopo likaanza kufuka moshi mkononi mwangu, nikalirusha uani, likatua kwenye kiatu cha Mzee na kukigandisha hapo. Alivua mguu, akakiacha kiatu kilivyo, akaingia ndani na kutoka na blanketi mbili na chupa za maji ya moto. Tukaifunika boti kama mgonjwa wa malaria. Asubuhi kiraka kilikuwa kigumu kama jiwe. Kumbukeni: msasa kwanza, tena mpana kuliko ufa wenyewe, vumbi lote lifutwe, dawa ipimwe kwa kipimo, halafu blanketi. Miaka yote ile boti zililala na blanketi mbili, mimi moja.

Sasa niwaeleze habari ya kengele ya chai, maana mnaipiga kila siku saa nne na hamjawahi kuuliza ni chuma gani.

Nilikuwa na mwaka wa pili. Ikaletwa boti ya bwana mmoja, injini inatoa moshi mweusi na kukohoa. Mimi nilishajua kabureta, nilijua kila kitu mwaka ule. Nikaona petroli inayoingia ni nyingi mno. Nikatoa jeti, kile kijikopo cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, nikaweka yenye tundu dogo. Injini ikaimba ndani ya pipa, safi, bila moshi. Mzee Ambokile alikuwa amekaa kwenye ndoo anakula ndizi. Akaniangalia, akamenya ndizi nyingine.

Siku tatu baadaye yule bwana akarudi na injini iliyokufa na maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu mtoto wangu wa mwisho anasoma hizi karatasi. Tulipofungua, pistoni ilikuwa imeyeyuka tundu katikati.

"Uyole iko wapi?" Mzee akaniuliza.

"Hapa."

"Juu au chini?"

"Juu."

"Na ziwa?"

Nikaitazama pistoni. Huku juu hewa ni nyepesi, petroli ya kawaida inaonekana nyingi. Kule ziwani hewa ni nzito, injini inataka petroli yake yote, ukiipunja inaungua kwa njaa. Mimi nilikuwa nimeitengeneza injini iwe nzuri kwa safari za ndani ya pipa. Fundi wa pwani hawezi kufanya kosa hilo hata akitaka, lazima uwe umezaliwa juu. Nilimuuliza Mzee kwa nini hakunizuia. Akasema, "Ungeniuliza kwa nini mara kumi. Pistoni imekujibu mara moja." Akaitoboa pembeni, akaining'iniza kwa waya mlangoni. Ndiyo kengele yenu.

Juu ya kengele hiyo kuna maneno aliyoyaandika kwa rangi ya malori: ALIYEFUNGA KIZIBO APANDE KWANZA. Kila boti ina tundu nyuma, chini kabisa, la kutolea maji. Kwetu milimani boti inapolala uani tunaacha tundu wazi ili mvua isiijaze. Kabla ya kuishusha ziwani unafunga kizibo. Sharti la Mzee lilikuwa kwamba fundi aliyekifunga ndiye anayekaa ndani ya boti mara ya kwanza inapogusa maji, kabla ya mwenye boti. "Ukijua matako yako yatalowa kwanza," alisema, "hutasahau." Yeye alipanda kila mara. Aliipenda sehemu hiyo kuliko kazi yenyewe. Alinifundisha pia kwamba boti ikikimbia sana na tundu likiwa wazi, maji hayaingii, yanatoka. Ni ikisimama ndipo inakunywa. "Boti ni kama wewe," aliniambia, "ukitulia tu unaharibika." Alisema hivyo kwa sababu kufikia hapo nilishaacha kazi mara nne na kurudi mara nne.

Hapa inabidi nikiri jambo. Mimi nilikuwa siwezi kuogelea. Ilula ninayoijua mimi maji yalinifika magotini, na siku ya kwanza nilipoona Ziwa Nyasa pale Matema, milima imesimama moja kwa moja ndani ya maji na upande wa pili hauonekani, nilirudi kwenye pikapu nikafunga mlango. Nilimwambia Mzee mguu umeteguka. Mara ya pili nilisema injini husikika vizuri zaidi ukiwa nchi kavu. Hiyo aliipenda, ingawa hakuiamini, akaniachia. Na Mzee alipochoka na Uyole akarudi Kyela kwenye kakao yake na kuniachia gereji, hakubaki mtu wa kunisukuma. Wateja niliwaambia kwamba fundi mkubwa husimama ufukweni na kusikiliza. Nilikuwa nakunja mikono, nafumba macho, natikisa kichwa polepole. Watu walipiga picha. Kizibo nilimwachia mwenye boti akifunge mwenyewe, kwa heshima, kana kwamba ni kukata utepe. Nimefanya hivyo miaka ishirini na zaidi, na sharti likiwa limeandikwa juu ya kichwa changu.

Halafu akaja Mama Luvanda.

Alikuwa nesi mstaafu wa Iringa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alikuja na boti aliyoikuta nyuma ya ghala moja huko Mafinga, mmea wa boga umeota ndani na kutambaa mpaka kwenye usukani. Nikamwambia aiache, nitamwita ikiwa tayari.

"Sikuileta uitengeneze, Fundi. Nimekuja unifundishe niitengeneze mwenyewe."

"Mama, hii ni kazi ya kuchafuka."

"Nimefanya kazi wodi ya wazazi. Niambie kuhusu kuchafuka."

Akapanga chumba pale pale Uyole, akavaa koti lake jeupe la zamani, akaanza. Ufa alioshona Mama Luvanda hamtaweza kuona ulipo, na mimi mwenyewe nilitafuta. Siku ya gundi aliweka mkono juu ya kiraka, akasema, "Homa bado haijapanda," akaongeza chupa ya maji ya moto. Nyaya alizikuta zimeungwa kwa mfuko wa plastiki na mate; alizitoa zote, akaweka mpya, kila moja na kipande cha plasta kilichoandikwa jina lake. Raba ya pampu ya maji aliibadilisha mara mbili kwa sababu ya kwanza aliiweka mabawa yakielekea kinyume. Tulipowasha injini kwenye pipa nilimwonyesha kile kimkondo chembamba kinachoruka pembeni kuthibitisha kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi aliingia gereji na swali moja: "Mgonjwa amekojoa?"

Viti aliviagiza kwa mshonaji wa viti vya bodaboda, vikaja vyekundu na mistari ya njano. Nikamwambia vinapiga kelele. Akasema yeye amekaa wodini miaka yote akiwaambia watu watulie. Sasa anataka kitu kisichotulia.

Habari ya pistoni nilimsimulia. Akanisikiliza, akanunua jeti seti mbili, akazitia kwenye bahasha ndogo za dawa na kuandika juu: UYOLE, kwenye pipa tu. MATEMA, kabla ya safari, usizidishe. Kizibo nacho kilipata bahasha yake. Bahasha zote akaziweka kwenye mkoba wake mweusi, ambao hakuuachia hata alipokuwa chini ya trela.

Jaribio la mwisho la bodi tulilifanya kwa namna yetu. Kwa kuwa hatuna ziwa la kuitia boti ndani yake, tunalitia ziwa ndani ya boti: unafunga kizibo, unajaza maji kwa ndoo mpaka magotini, unalala chini ya trela na kutazama linapotoka tone. Halikutoka hata moja. Tukafungua tundu, tukamwaga, kizibo kikarudi kwenye bahasha. Nilifurahi mno nikampigia kaka yangu Sefania, ambaye kila mwaka huniuliza kama nimeshapata kazi.

"Kaka, boti ya mama mmoja, nimeijaza maji haivuji hata tone!"

Nikamsikia Sefania anaweka tenga chini.

"Haivuji kabisa?"

"Kabisa."

"Ina urefu gani?"

Ningekuwa na akili ningekata simu pale pale. Sefania siku hizi ana biashara kubwa, nyanya zake zinaoshwa kabla ya kupangwa kwenye matenga, na alikuwa anatafuta beseni. Ndani ya wiki alikuwa ameshampata Amani, mtoto wa kwanza wa Mama Luvanda, mtu wa ofisi pale Iringa mjini, anayeongea kama anasoma barua. Amani na wadogo zake walikuwa wanatafuta njia ya kuiondoa ile boti tangu siku ya boga. Akaja gereji.

"Mama, sisi kama familia tumekaa. Umri wako, na maji, havipatani. Amepatikana mtu wa Ilula anayeihitaji."

"Aifanyie nini?"

"Aoshee nyanya."

Mama Luvanda alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Sijawahi kuona mtu akifuta miwani kwa hasira namna hiyo.

"Amani, hii imekaa na boga miaka kumi. Haitarudi kwenye mboga."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Amani akatoa sharti: Jumamosi, pale Matema, boti itoke ufukweni, ifike kwenye jabali linaloingia majini, irudi, bila kusimama na bila kuvutwa. Ikishindwa, Sefania atakuwepo na lori lake. Mama akakubali. Kisha akanigeukia, akanyoosha kidole juu ya mlango.

"Na wewe Fundi utapanda. Imeandikwa."

"Mimi Mama husikiliza nikiwa nchi kavu."

Amani alipokwenda kwenye gari lake, Mama alinisogelea na kunishika kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa.

"Unaogopa maji."

"Hapana."

"Mapigo yanasema ndiyo. Utapanda, au nimwambie kila dereva wa lori hapo nje?"

Jumamosi tulishuka Tukuyu na ukungu wake, tukasimama kununua mahindi ya kuchemsha, tukafika Matema jua limeshapanda. Sefania alikuwa ameshafika, amekaa juu ya boneti, kamba za kufungia mzigo mabegani. Akanisalimia, "Kapteni, leo utaoga?" akacheka peke yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa jeti. Mama alifungua bahasha ya MATEMA, akazifunga kwa mkono wake, nikakagua mara tatu. Sisi watu wa milima kosa hili tulishalilipia, na tulijivuna vizuri kwamba hatulirudii. Tukavaa majaketi ya kuelea. La kwangu nililikaza mpaka pumzi ikawa ya kugawiwa. Mama akampa Amani mkoba wake aushike. Boti ikashushwa, injini ikashika mara ya kwanza, kimkondo kikaruka.

"Mgonjwa amekojoa!" Mama akapaza sauti, na ufukwe mzima wa watu wenye heshima zao ukageuka.

Tukaondoka polepole. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili, macho nimeyafumba, ila safari hii siyo kwa kusikiliza. Nikahisi ubaridi kwenye soksi. Niwaambie ukweli, nilidhani ni mimi mwenyewe. Nikaona aibu nikanyamaza. Ubaridi ukapanda kifundoni, na mimi sikuwa nimekunywa chai nyingi kiasi hicho.

"Fundi," Mama akasema bila kugeuka, "miguu yangu imelowa. Na yako?"

Nikafumbua macho. Gunzi la hindi nililokula njiani na kulitupia botini lilikuwa linaelea kati ya viatu vyangu.

"Mama. Kizibo kiko wapi?"

"Kwenye bahasha."

"Bahasha iko wapi?"

"Kwenye mkoba."

Wote wawili tukageuka. Ufukweni, mdogo kama kidole, Amani alikuwa amesimama na mkoba kifuani. Nikawasha pampu ya kutoa maji. Ilifanya kazi kwa bidii, kama kijiko kwenye karai.

"Turudi, Mama! Turudi sasa hivi!"

"Tukirudi, kesho kaka yako anaoshea nyanya humu." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ambayo naamini aliwaambia wazazi wasukume. "Wewe ndiye fundi. Fikiria."

Nikafikiria, na kilichonijia kichwani ni yule mzee wa kofia ya sufu. Ikisimama ndipo inakunywa.

"Ongeza mafuta, Mama! Yote! Usisimame!"

Mama Luvanda hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Boti ikainua pua, mimi nikaanguka chali kwenye kiti chekundu, na maji yaliyokuwa miguuni yakakimbilia nyuma na kuanza kutoka kwa tundu lile lile yaliloingilia. Jabali likaja mbio, Mama akalizunguka, akalizunguka tena kwa sababu maji yalikuwa hayajaisha, na mara ya tatu, nadhani, ni kwa sababu alikuwa anafurahi. Nilishika gunzi, nikavua kitambaa cha shingo, nikalifunga nacho, nikalala kifudifudi na kuingiza mkono mpaka begani. Kule ufukweni, nilikuja kuambiwa, waliona fundi ametoweka. Wengine walisema anasali. Sefania alisema amezimia, akaanza kukunjua kamba.

Ncha ya gunzi ilikuwa inatafuta tundu na tundu linanikwepa, kisha mvuto wa maji ukalishika na kulivuta lenyewe. Nikalisokota. Nikaligonga kwa kisigino cha kiatu. Likakaa.

"Punguza, Mama."

Akapunguza. Tukasubiri, wote tunatazama sakafu, kama watu wanaosubiri mgonjwa afumbue jicho. Ilikuwa inavuja, lakini sasa kijiko kilitosha karai. Ndipo nikatazama pembeni kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa kila upande, ya buluu mpaka yanakera, na milima imetuinamia, na mimi nilikuwa katikati yake, mzima. Nikamuuliza Mama kwa nini maji ya katikati yana rangi nyingine kuliko ya pembeni. Akasema hajui. Nikasikitika kwamba miaka yote ile sikuwa nimepata nafasi ya kuuliza.

Mama hakuisimamisha boti majini. Aliileta moja kwa moja mpaka ikapanda mchangani, watu wakaruka pembeni na kupiga makofi. Amani alikuja mbio, viatu vya ofisi vimejaa maji, na barua yote imemtoka mdomoni.

"Mama! Mara tatu! Mimi nilisema mara moja tu!"

"Ya kwanza ilikuwa ya kwako," Mama akasema akishuka. "Zilizobaki za kwangu."

Sefania alikuwa amezunguka nyuma ya boti kuliaga beseni lake. Nikamwona anainama. Mkulima analijua gunzi hata likiwa limevaa kitambaa. Akaniangalia, akalitazama gunzi, akaniangalia tena. Nikasubiri aseme. Akaanza kukunja kamba zake polepole, akaziweka begani.

"Haivuji," akamwambia Amani. "Lakini kwa nyanya ni ndefu mno."

Ndipo Amani akakumbuka mkoba. Alipokimbia ulikuwa umefunguka, bahasha moja ikatokeza, akawa ameishika mkononi na kizibo kimechungulia.

"Mama, hii mliisahau. Ni ya muhimu?"

Mama Luvanda alinitazama. Mimi nilitazama ziwa, nikakunja mikono, nikafumba macho, nikatikisa kichwa polepole.

"Hapana, baba," akasema. "Hiyo ni ya akiba."

Gereji niliiacha mwezi uliofuata, wala siyo kwa aibu. Nimepanga chumba Matema na najifunza kuogelea. Mwalimu wangu ana miwani ya kamba na hana huruma. Pipa nimewaachia, blanketi nimewaachia, kengele mnayo. Yale maandishi juu ya mlango nimeyapaka rangi upya, yasomeke hata na mtu anayejifanya anasikiliza. Na chini yake nimepigilia msumari na kulitundika lile gunzi, limekauka vizuri. Mteja akiuliza ni la nini, mwambieni ni mapambo.